Kioo si Mwalimu wa Ngoma

Mpwa wangu alipokodi ukumbi hapa Kiseke ili awafundishe watoto na vijana kucheza, jambo la kwanza alilolitaka halikuwa ngoma, wala redio, wala sakafu. Alitaka vioo. Alitaka kuta zote nne zifunikwe vioo kutoka sakafuni hadi darini, kama alivyoziona kumbi za ng'ambo kwenye simu yake. Akanijia mimi kwa sababu nilifundisha useremala kwa miaka mingi, na kwa sababu, kama asemavyo mwenyewe, mjomba hakosi timazi nyumbani. Nilimwambia nitamsaidia, lakini kwanza tutagombana. Ugomvi huo ndio ninaouleta sasa mbele yako, ndugu msomaji, kwa kuwa naona haukuhusu ukumbi mmoja tu.

Msimamo wangu nautaja mapema, asije mtu akasema nimemzungusha. Kioo ni chombo kizuri, kama patasi ilivyo chombo kizuri. Lakini patasi haimfundishi mtu useremala. Ukumbi wa kuchezea unahitaji kioo kwenye ukuta mmoja tu, kilichofungwa kwa hesabu, chenye pazia mbele yake. Na pazia hilo likae limefungwa muda mrefu kuliko linavyokaa wazi. Yanayozidi hapo ni majivuno, na mara nyingine ni hatari.

Kwa wasiopajua, Kiseke ni kata ya Wilaya ya Ilemela, jijini Mwanza, na wageni huichanganya na Kisesa, ambayo iko Wilaya ya Magu kwenye barabara ya Musoma. Zamani huku kulikuwa na mawe, mihogo na mbuzi. Leo kuna nyumba, maduka, shule, na kituo cha daladala ambacho watu wanakiita PPF, ingawa mfuko wenyewe uliunganishwa na mingine mwaka 2018 ukapewa jina jipya. Ukumbi wa mpwa wangu ulikuwa ghala la saruji. Una urefu wa mita 9, upana wa mita 6, na dari iko mita 3 juu. Mlango uko mashariki, madirisha mawili makubwa yako magharibi, na kuta mbili ndefu, ya kaskazini na ya kusini, ni tupu.

Kabla sijasema habari za ukuta, niseme jinsi mimi nilivyojifunza kucheza. Sisi tuliokulia upande wa Magu tulijifunza bugobogobo kwenye migongo ya watu. Hii ni ngoma ya jembe. Ilizaliwa shambani, pale kikundi cha wakulima kinapopanga mstari na kulima kwa mapigo ya ngoma, jembe likipanda na kushuka pamoja. Mtoto alisimama nyuma ya wakubwa akiwa na kijiti badala ya jembe. Alichokiona ni mabega ya waliomtangulia, na alichokisikia kilipitia masikioni na kwenye nyayo. Ukikosea, mzee alikusogeza bega kwa mkono wake, bila neno. Ukipatia, hakuna aliyekusifu. Uliona tu kwamba safari hii hakuna mkono uliokugusa. Sikuwahi kujiona nikicheza hata siku moja. Lakini usiku wowote ungeniamsha, ningekuonyesha goti langu liko wapi.

Tena nenda Bujora, pale Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoasisiwa na Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyeanza kazi yake pale miaka ya 1950. Kila mwaka, karibu na sikukuu ya Ekaristi, hufanyika Bulabo, na hapo hupambana vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, ambavyo asili yake ni mashindano ya mabingwa wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Kanuni ya kale ya mashindano hayo yapaswa kuandikwa kwenye mlango wa kila ukumbi wa kuchezea. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Basi. Umati wenyewe ndio hakimu. Mchezaji anaona watu wakimkimbilia au wakimkimbia, na kwa hilo anajua papo hapo kama amepatia au amekosea. Ndiyo maana mmoja huleta nyoka, mwingine nungunungu, mwingine hurusha jembe juu na kulidaka. Kioo cha Msukuma ni watu, na kioo hicho kina miguu: usipokitendea haki, kinaondoka.

Mpwa wangu alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Mjomba, hayo ni ya Bujora. Hapa ni mjini. Mzazi akija akakuta ukuta mtupu, ataona siyo studio." Tukaachana hivyo. Wiki hiyo nikapata msiba, nikaenda Magu. Niliporudi nilikuta kazi imekwisha kufanyika. Fedha za kuta nne hazikutosha, kwa hiyo alifunika kuta mbili ndefu zinazotazamana, ya kaskazini na ya kusini, kutoka sakafuni hadi juu. Fundi alikuwa ametumia kioo chembamba cha milimita 4, akakibandika moja kwa moja kwenye plasta ambayo haikuwa imekauka sawasawa, kwa ile gundi ya silikoni yenye harufu ya siki. Niliingia, nikajiona niko mia moja, nikatafuta mlango kwa mkono.

Usiku mmoja wa juma la tatu, kioo kimoja cha ukuta wa kusini kiliteleza. Mlinzi wa jirani alidhani wezi wamevunja. Asubuhi tulikuta vipande virefu, vingine kama visu, vimetapakaa hadi katikati ya sakafu, mahali ambapo jioni iliyotangulia watoto wa darasa la pili na la tatu walikuwa wamekaa wakifungua viatu. Mpwa wangu hakulia. Alichukua ufagio akaanza kufagia, kisha akasimama, akaniuliza, "Mjomba, vilivyobaki vinatokaje ukutani?" Hapo ndipo ugomvi wetu uligeuka kuwa kazi.

Sasa niseme juu ya kazi yenyewe, maana nimegundua kwamba watu wengi wanaouza na kufunga vioo hawaambiwi maswali, na asiyeulizwa hajibu.

Kwanza, uzito. Kioo cha unene wa milimita 1 na eneo la mita moja ya mraba kina kilo 2.5. Hivyo kioo cha milimita 6, ambacho ndicho kinachofaa ukumbini kwa sababu hakijipindi na kuipotosha sura kama kile chembamba, kina kilo 15 kwa kila mita ya mraba. Zile kuta nne alizoziota mpwa wangu, ukitoa mlango na madirisha, zingebeba zaidi ya tani moja ya kioo. Hakuna mwalimu mwenye akili anayewaketisha watoto chini ya tani moja ya kioo kilichoshikwa na gundi peke yake.

Pili, urefu. Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapoibiwa mchana. Ili ujione mwili mzima huhitaji kioo cha urefu wako. Nusu yake yatosha, na haijalishi umesimama karibu au mbali. Nuru inayotoka kwenye unyayo wako hugonga kioo katikati ya safari yake, yaani nusu ya kimo cha macho yako, ndipo ikarudi machoni. Mtu ambaye macho yake yako sentimita 160 kutoka chini huuona unyayo wake kwenye kioo mahali palipo na sentimita 80. Mtoto mwenye macho ya sentimita 100 huuona penye 50. Hata mchezaji wa bugobogobo aliyechuchumaa, macho yake yakiwa sentimita 80, hujiona penye 40. Na mtu mzima akiinua mikono hadi sentimita 220, ncha za vidole vyake ataziona penye 190. Kwa hiyo kioo kinachoanza sentimita 40 juu ya sakafu na kuishia mita 2 kinamtosha kila mchezaji, mkubwa kwa mdogo. Kipande kinachoshuka hadi sakafuni kazi yake kubwa ni kupigwa mateke, na kile kinachopanda hadi darini kinaitazama dari.

Tatu, mahali. Mwanza tuko karibu sana na ikweta. Mwaka mzima jua letu huchomoza mashariki na kuzama magharibi bila kupotoka sana, na madarasa ya kucheza hufanyika jioni, watoto wakitoka shule. Kioo kikiwekwa ukuta wa mashariki, kikitazama madirisha ya magharibi, saa kumi na moja jioni kitawarushia watoto jua lote la ziwani machoni. Ukuta wa kaskazini au wa kusini hauna shida hiyo. Mwanga unaingia kutoka ubavuni na kuonyesha umbo la mwili vizuri. Ila uwe mmoja kati ya hizo mbili. Vioo viwili vinavyotazamana huzaa picha zisizo na mwisho, na mtoto anayezunguka katikati yake hajui tena ukuta uko wapi na mwenzake yuko wapi.

Nne, ukuta na unyevu. Plasta mbichi haibebi kioo, na plasta ya kawaida haijanyooka kiasi cha kukipa kioo sura ya kweli. Tuliiacha ikauke, tukaikagua kwa timazi na pima maji, kisha tukakaza mbao za plaiwudi za milimita 18 ukutani kwa skrubu ndefu na plagi, tukaacha nafasi ndogo nyuma yake hewa ipite. Chini tulifunga reli ya alumini ambayo ndiyo hasa inayobeba uzito, na juu tukafunga nyingine inayozuia kioo kisiinamie watu. Gundi ikawa msaidizi tu, tena ile isiyo na harufu ya siki, kwa sababu ile yenye harufu hiyo hutoa asidi inayokula rangi na fedha iliyoko mgongoni mwa kioo; ndiyo moja ya sababu unaviona vioo vingi vikiwa na madoa meusi pembeni kabla ya umri wake. Nyuma ya kila kioo tulibandika karatasi ya plastiki ya kunata, ili kikivunjika vipande vibaki vimeshikana. Kati ya kioo na kioo tuliacha milimita 2, maana ngoma ikipigwa ukuta unatetemeka, na vioo vinavyogusana husagana kingo. Kwa kusafisha, maji hunyunyizwa kwenye kitambaa, wala si kwenye kioo, yasije yakateremka hadi kwenye reli na kukaa huko.

Mwishoni tulikuwa na vioo vinne, kila kimoja upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 1.6, vimepangwa katikati ya ukuta wa kaskazini. Kila kimoja kina uzito wa karibu kilo 29. Ni chini ya mita 8 za mraba kwa jumla, dhidi ya zile zaidi ya 70 za ndoto. Ukuta wa kusini tuliuacha mtupu, na majembe ya bugobogobo yakapewa kona yake, mbali na kioo kabisa, kwa sababu sijaona bado jembe lililorushwa likauliza lianguke wapi.

Mpaka hapa nimesema kama fundi, na huenda msomaji akadhani ugomvi wangu ulikuwa juu ya gundi na skrubu. La hasha. Kama vioo vile vya kwanza vingefungwa kwa ustadi wote wa dunia, ningevipinga vilevile. Sababu ni binti mmoja.

Binti huyu alikuwa darasa la sita. Kabla vioo havijaja, mpwa wangu alikuwa akiwafundisha watoto uwanjani, chini ya mwembe, kwenye duara, na mimi nilikuwa nikipita jioni kuwatazama. Katika duara lile huyu ndiye aliyekuwa manju bila kuchaguliwa. Alikuwa na mabega yanayosema kabla ya ngoma kusema. Wenzake walimfuata hata alipokosea, na alipokosea alicheka, wakacheka, ngoma ikaendelea. Vioo vilipofungwa, katika juma la kwanza alicheza mstari wa mbele. Juma la pili nilimwona mstari wa nyuma, anavutavuta gauni kiunoni huku macho yake hayatoki ukutani. Juma la tatu hakuja. Nilimkuta dukani, ametumwa sukari, nikamuuliza kulikoni. Akatazama chini akasema, "Babu, kumbe mimi ni mnene. Sikujua."

Nimefundisha watoto kwa miaka mingi, na nimesikia maneno mengi ya watoto. Lakini hilo moja, *sikujua*, limekaa nami. Kwa miaka 12 mwili ule ulikuwa wake. Aliutumia kuchota maji, kukimbia, kuruka kamba, kuongoza ngoma. Katika muda wa majuma mawili uligeuka kuwa kitu cha kutazamwa, na mtazamaji wa kwanza, tena mkali kuliko wote, alikuwa yeye mwenyewe. Hakuna mtoto mwenzake aliyemcheka, wala mwalimu hakumsema. Ukuta ndio uliomsema, na ukuta hauna huruma ya kunyamaza.

Najua nitakayoambiwa. Wa kwanza atasema: nyani haoni kundule, bila kioo mchezaji atajuaje kosa lake? Nami nasema, methali hiyo msiikate katikati. Nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe. Wahenga hawakusema nyani anunue kioo. Walisema mwenzako anaona usichokiona. Basi mpe ruhusa akuambie. Katika duara kila mtoto ni jicho la mwenzake. Weka kioo, na kila mtoto anaacha kumtazama mwenzake, anajitazama mwenyewe. Watoto 20 ndani ya ukumbi mmoja wanakuwa watoto 20 walio peke yao.

Wa pili atasema: mbona Wazungu, wenye dansi zao za ballet, hawafundishi bila kioo? Ni kweli kwamba Mfaransa Degas, katika miaka ya 1870, aliwachora wasichana wakijizoeza mbele ya vioo vikubwa mjini Paris. Lakini tuulize dansi ile inachezwa wapi. Inachezwa jukwaani, watazamaji wakiwa upande mmoja tu, wameketi gizani, kimya. Kioo cha ukumbi wao kinashika nafasi ya watazamaji wale wa upande mmoja. Ngoma zetu zina watu mbele, nyuma na ubavuni, na nusu ya watazamaji wanaimba. Kumzoeza mchezaji wa bugobogobo kutazama upande mmoja ni kumwandaa kwa ajili ya uwanja ambao hatakutana nao. Tena hata wenyewe wameanza kujiuliza. Mwalimu Sally Radell wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, pamoja na wenzake, walichapisha mwaka 2003 utafiti uliolinganisha wanafunzi wa ballet waliofundishwa mbele ya kioo na waliofundishwa bila kioo. Katika mazoezi ya polepole, yale yanayodai mizani ya mwili, wasio na kioo ndio waliosonga mbele zaidi. Mimi seremala sikushangaa. Anayetegemea macho kujua mkono wake uko wapi, mkono wenyewe haujajua.

Wa tatu, naye namheshimu zaidi, ni mpwa wangu. Yeye anasema: vijana wanataka kucheza kwa mstari, wote kama mtu mmoja, kwa ajili ya harusi na video za muziki, na kazi hiyo ndiyo inayolipa kodi ya ukumbi. Hapo nakubali. Mstari unaotakiwa kuwa sawa husaidiwa na kioo, na sitaki kumnyima mtu mkate wake kwa ajili ya falsafa yangu. Lakini hata kwa kazi hiyo kioo kina ujanja wake. Mchezaji aliyejifunza kwa kioo siku zote, siku ya harusi anapogeuzwa awatazame watu, hutafuta sura yake usoni mwa wageni na kupotea hatua. Nimeyaona hayo kwa macho yangu, na bwana harusi aliyaona pia.

Wako pia watakaoniita mzee wa kale anayepinga maendeleo. Hao nawakumbusha kwamba Mwalimu Nyerere, alipolihutubia Bunge tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, alilalamika kwamba wasomi wetu walijua kucheza rumba na chachacha lakini hawakujua gombe sugu, na ndipo akatangaza kuanzisha wizara ya utamaduni. Hakusema rumba ni dhambi. Alisema ni aibu mtu kukijua cha mwenzake na kutokijua cha kwake. Nami sisemi kioo ni dhambi. Nasema tumekichukua pamoja na desturi yake yote, bila kuuliza kilikuwa kinafanya kazi gani kule kilikotoka, na kama kazi hiyo ipo kwetu.

Basi tukakubaliana, mimi na mpwa wangu, juu ya pazia. Alishona la kitenge kizito, linalopita kwenye fimbo ya chuma kuanzia mwanzo wa vioo hadi mwisho. Sheria ya ukumbi ni hii. Somo la saa moja huanza kwa duara, pazia limefungwa. Dakika 10 za mwisho linafunguliwa kwa kazi iliyotajwa kwa jina: leo tunaangalia goti, leo tunaangalia kama mstari umenyooka. Kazi ikiisha, pazia linarudi, na wimbo wa mwisho huchezwa bila kioo, ili mtoto aende nyumbani na mwili wake, wala si na picha yake. Anayetaka kujiona zaidi, wenzake wapo, na mwalimu yupo. Simu nayo ipo. Simu angalau huonyesha baada ya tendo, haimwingilii mtu katikati ya hatua.

Nisidanganye kwamba sheria hii haikutugharimu. Wazazi wawili waliwaondoa watoto wao, mmoja akisema waziwazi kwamba alilipia studio, hakulipia pazia. Na yule binti, alirudi, lakini baada ya miezi miwili, na mpaka leo anachagua kucheza upande wa mlangoni. Mabega yake yameanza kusema tena, kwa sauti ndogo. Dakika 10 za mwisho, pazia linapofunguliwa, mara nyingine huomba ruhusa ya kwenda kunywa maji. Tunamruhusu. Jambo lililovunjwa kwa majuma mawili halitengenezwi kwa juma moja, na sijui seremala yeyote anayeweza kulitengeneza.

Namaliza kwa wewe unayepanga ukumbi, uwe Kiseke, Buswelu, Igoma au kokote kule. Fedha za kuta zile tatu tulizoziacha zilitosha kununua mbao za sakafu. Watoto walikuwa wakiruka juu ya saruji, na saruji haina msamaha kwa magoti. Babu zao waliruka juu ya udongo. Tulipanga mirunda ya sentimita 40 kwa 40, tukatandika mbao juu yake, tukaacha upenyo pembeni zipate kupumua wakati wa mvua. Sasa jembe la ngoma likishuka, sakafu inajibu. Nakusihi uanze hapo. Mchezaji husemezana na ardhi kwanza, kisha na wenzake, kisha na watazamaji. Ukishamaliza sakafu, na nafasi ya duara, na mahali pa wapiga ngoma, na dirisha la hewa, na bado una fedha mkononi, hapo nenda dukani ukaulize bei ya kioo. Na kabla hujakilipia, nunua pazia.